Gari Lililonipa Uheshimiwa Nisioutaka

Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Mwatate.
Agosti, 1996.

Kwa Ndugu Mhariri wa ukurasa wa magari,

Pokea salamu za heshima kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Mimi ni msomaji wako mwaminifu, muuza saruji na misumari. Ulipoandika jinsi ya kununua gari kubwa la kifahari lililokwisha tumika, nilikata makala ile kwa makasi nikaenda nayo Mombasa. Nilikagua injini, chasi, gia na kitabu cha gari, kama ulivyoagiza. Gari likawa halina kasoro hata moja, na ndiyo maana nakulaumu.

1. Ulisema injini ya aina hii inataka barabara ndefu. Barabara ndefu tunayo, tena mpaka Taveta, ila ni makorongo na changarawe, na mbele yako hakukosi trekta la mkonge. Gari la mbio nimenunua, mbio zenyewe sijaziona.

2. Ulivisifu sana vioo vyeusi. Hukusema kwamba huku ukipita bila kusalimia umetukana ukoo mzima. Mimi napunga mkono ndani humo, nani ananiona? Sasa soko zima linasema Mwakio anaringa. Nikishusha vioo nisalimie, vumbi linajaa kwenye viti vya ngozi, nami nashuka mwekundu kama tofali.

3. Gari kama hili huku ni la mheshimiwa, na mheshimiwa haji bure. Nilifika Mahoo kununua ndizi. Lo! Akina mama wakatoka wakiimba, watoto wa shule wakapangwa mstari, na mzee mmoja, Donald, akanieleza shida zote za kijiji. Nikaona haya kusema nimefuata ndizi. Nikawaahidi daraja. Sasa wanasema udiwani ni wangu.

4. Hapa ndipo penye uchungu. Mke wangu, Dinah, alisukwa nywele Voi, akavaa gauni jipya, tukaenda kanisani. Njia nzima hakuna aliyemwona nyuma ya vioo vile vyeusi! Tena wenzake tuliowapita mlimani wakasema amewanyima salamu. Alilia, ndugu yangu. Kesho yake akafunga virago akaenda kwao Mraru, kwa miguu mpaka stendi, akisema atarudi gari likiondoka. Tangu hapo nakula mkate na chai ya rangi, nikizungumza na redio. Nampenda yule mama, wacha nikwambie wazi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uje ulichukue gari hili wewe mwenyewe. Ukiwa njiani, pitia Mahoo uwaambie daraja lilikuwa kosa la uchapaji. Kisha fika Mraru umwombe Dinah radhi mbele ya wazazi wake, ukiwa umevaa tai.

Wasalimie wachapaji, wauza magazeti na yule anayewachorea katuni.

Ni mimi, mwenye gari kwa bahati mbaya,
Geoffrey Mwakio.

Tanbihi: Nakusihi, usichapishe barua hii, na usije. Kumbe baba mkwe amewatangazia watu wote wa Mraru kwamba bintiye ameolewa na mtu mwenye gari kubwa, nao wakamcheka kwa sababu bintiye alifika na begi kichwani. Dinah amerudi sasa hivi. Habari ya kuliuza hataki hata kuisikia. Amekwisha kaa kiti cha mbele, anapiga honi, anataka nimrudishe huko huko, tena polepole.