Kompyuta Iliyoombewa

Wakubwa wa serikali walipotangaza kwamba karani asiyejua kompyuta asiote kupandishwa cheo, mtaa wote wa Buruburu ulikosa usingizi. Wakubwa wenyewe hawakuijua hata kwa picha, lakini tangu lini kutojua kukamzuia mkubwa kuamuru? Mbuthia wa Kaloleni alisikia habari hiyo akanyoa ndevu.

Alikwenda Kariokor kwa Opiyo, fundi wa redio, akaazima kompyuta mbovu. Rehani akaacha cherehani ya mkewe Waithera, iliyolisha nyumba nzima, yeye akiwamo.

"Irudi nzima," alisema Opiyo, "la sivyo cherehani haitoki hapa."

"Wasiwasi wa nini, bwana? Hata vumbi lake nitakurudishia."

Jumamosi makarani walijaa ukumbini Kaloleni kufundishwa kompyuta, tai shingoni. Ada waliahidi kulipa mwisho wa mwezi, kama serikali ilivyowazoesha. Mbuthia akafungua kasha kwa bisibisi.

"Huu ni ubongo. Kazi yote hufanyika hapa, lakini hauonekani. Sifa huenda kwa kioo cha mbele, kinachong'aa tu. Hii ni kumbukumbu ya muda: umeme ukizimika, inasahau kila kitu."

"Kama mheshimiwa wetu baada ya kura!" akadakia Simiyu, karani wa reli.

"Na hii diski haisahau kamwe."

"Hiyo ni mke wangu."

Mama mmoja mwenye kiondo cha kusukwa begani, Norah, aliinua mkono. "Mbona haiwaki, mwalimu?"

"Mama, mgonjwa akipasuliwa hutembea?"

Ukumbi ukacheka. Mbuthia aliwajua watu wake: katika mitaa hii ya Eastlands hakuna anayeshuku biashara iliyofungwa kwa sala. "Nani atatuombea?"

Norah akasimama. Aliombea serikali, reli, wajane, na mashimo ya barabara ambayo baraza la jiji lilikuwa limemwachia Mungu, huku akiizunguka meza kwa uchungu wa roho. Mbuthia alifumba macho kuwashinda wote. Ucha Mungu ndio uliokuwa mtaji wake. Amina ilipofika, kasha lilikuwa limeshafunikwa.

"Nimekusaidia kufunika, mwalimu," Norah alisema, akiondoka na kiondo chake.

Mbuthia aliporudisha kompyuta kule Kariokor, Opiyo aliliinua kasha kwa mkono mmoja, akalifungua.

"Mwalimu, ubongo uko wapi?"

Mbuthia alichungulia. Ndani mlibaki buibui. Nyuma ya pazia cherehani ililia krr, krr, krr. Akalivuta: Norah alikuwa akishona, kiondo kizito miguuni pake.

"Mke wangu huyo," alisema Opiyo. "Hamjajuana?"

"Tunajuana," Norah akajibu bila kuinua mguu. "Karibu, mwalimu. Fumba macho tukuombee tena."