Korongo Walioniharibia Hadithi

Jumatatu, 21 Oktoba
Nimemaliza! "Bwawa Lililokufa": kurasa kumi na mbili za moto. Nimewalaani wenye viwanda, wenye mashamba, na serikali mara tatu. Shindano la hadithi fupi za mazingira la Madurai ni langu. Jirani yangu, Mwalimu Pichaimuthu, naye anashindana. Kaandika kuhusu kipepeo. Kipepeo! Fasihi ya Kitamil inakufa kwa kisukari. Mwamuzi, Bi Thenmozhi, anakuja Alhamisi kujionea bwawa letu lilivyokauka.

Jumanne, 22 Oktoba
Mvua tangu jana jioni. Bwawa limejaa. Korongo mia mbili wametua kwenye miti ya kwenye tuta la bwawa. Wasaliti! Nikamlalamikia mke wangu, Valliammai. Akaniambia miaka ishirini nalilia maji, sasa yamekuja nalia tena, je, nina ugonjwa gani? Nikala vitumbua saba vya idli kwa hasira.

Jumatano, 23 Oktoba
Maji hayafichiki. Ndege wanafukuzika. Nimenunua fataki mjini, nene kama kiazi. Ni kweli, kijijini kwetu hakuna aliyewasha fataki miaka hamsini, hata sikukuu ya taa ya Deepavali, hata harusini, ndege wasishtuke. Mila nzuri. Nimeisifu mwenyewe magazetini. Lakini hii ni kwa ajili ya mazingira!

Imelipuka vizuri sana. Korongo wakaruka, wakazunguka mara moja, wakarudi. Kijiji kizima kikatoka, na hakikurudi. Bibi Sornam akanifokea kwamba wajukuu zake hawajawahi kuwasha hata cheche, leo mzee mzima na mvi zangu ndiye ninayeanza! Baraza limeamua: nitawalinda ndege mchana kutwa, mpaka Deepavali ipite.

Alhamisi, 24 Oktoba
Bi Thenmozhi kanikuta chini ya miti, mabega meupe kwa vinyesi. Akasema kwamba, kwa marehemu, bwawa hili lina kelele sana. Pichaimuthu akacheka mpaka akaegemea mti. Ushindi ukaenda kwa kipepeo, palepale.

Hata hivyo, hapa pazuri. Upepo. Wali wa ukwaju alioleta Valliammai. Korongo wakigombania matawi kama waandishi. Sijakaa kwa raha hivi miaka mingi.

Nimeanza hadithi mpya: "Kisima Kilichokauka." Kisima chetu kimejaa hadi mdomoni. Nimeshaazima pampu.