Marehemu Aliyeitikia

Jumatatu, 9 Juni

Baridi kali. Mlima Meru wote umejifunika mawingu. Mimi nina joto, maana leo nimeingia kwenye filamu!

Diana, yule binti wa jirani aliyekwenda kusomea mambo ya kamera, alikuwa anatafuta waigizaji hapa Kaloleni. Nikafunga kibanda changu cha kutengeneza redio, nikavaa suti niliyofungia ndoa, nikaenda. Filamu ni ya mauaji na mahakama. Mzee mwenye shamba la kahawa anakutwa amekufa kitini. Mkwewe, aliyempelekea kahawa, anashtakiwa kwamba ndiye aliyemuua. Nikamsomea Diana maneno ya hakimu, ya wakili, hata ya mkwe. Akanitazama sana. Akasema uso wangu unafaa kabisa.

Unafaa marehemu.

Nikamuuliza tangu lini steringi akafa mwanzoni. Akasema steringi ni Prisca, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ndiye mkwe. Mwendesha mashtaka ni Joel. Joel! Muuza nyama! Na joho kapewa. Mtu niliyemtangulia kuzaliwa, na hajanipa shikamoo hata siku moja, eti sisi rika.

Nyumbani mke wangu Marta akauliza nimepata nafasi gani. Nikasema kesi nzima inanihusu mimi. Hapo sijadanganya.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi Engutoto, ukumbi wa usharika. Diana katupa jambo la ajabu: filamu haitasema kama mkwe aliua au hakuua. Mtazamaji aende na kesi yake nyumbani. Joel akalalamika, yeye atashindaje kesi isiyokuwa na mshindi? Nilikubaliana naye kimoyomoyo na sikujisikia vizuri.

Anayejua ukweli ni Prisca peke yake. Ameambiwa achague moyoni, aliua au hakuua, asimwambie mtu.

Mpango! Nikiijua siri hiyo, wote watakuja kwangu kuniuliza. Nikampelekea loshoro ya Marta, bakuli zima. Akainamisha kichwa, shikamoo baba, nikasema marahaba. Akala yote. Nikamuuliza kwa upole kama ameniua. Akasema ahsante kwa chakula.

Kisha akapanda kizimbani akalia kwa jicho moja. Jicho moja tu! Lile jingine kavu kabisa, linamtazama Joel. Joel akasahau swali lake. Sijui binti huyu analifanyaje jambo hilo. Nilisisimka hadi wivu ukanitoka.

Ukarudi baadaye. Diana alinipa maelekezo yangu: marehemu ana sharti moja, asijibu.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa. Marta amewaalika kinamama wote wa umoja wa kanisani waje kumwona mumewe steringi. Ameshonesha na gauni, tena kwa Prisca! Prisca kampima, kamshonea, wala hakumwambia kwamba mumewe ni maiti. Huyo dada anaweza kutunza siri.

Kurudi nyuma haiwezekani. Basi nitakuwa marehemu asiyesahaulika. Nimekaa mbele ya kioo asubuhi yote. Mdomo wazi: naonekana nimelewa. Mdomo umefungwa: naonekana nimenuna. Nimechagua sura ya mtu aliyekuwa karibu kumtaja muuaji wake, na jicho la kushoto limebaki wazi kidogo kwa ajili ya kamera.

Marta akanikuta hivyo kitini. Akapiga yowe, akanimwagia ndoo ya maji. Nina mafua.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeharibu. Nimeharibu kila kitu.

Tulipiga picha Nkoaranga, nyumbani kwa shangazi yake Diana, katikati ya kahawa na migomba. Nikakaa kitini, sura ile ile. Joel, ambaye leo hakuwa na kazi yoyote, alikuja kunitazama nikifa. Diana akaomba utulivu. Prisca akaingia na kikombe.

Maandishi yalisema asimame kimya, atambue kwamba mzee amekufa. Lakini Prisca amelelewa vizuri, tatizo ndilo hilo. Hawezi kuingia alipo mzee akanyamaza. Akainamisha kichwa, akasema polepole, "Shikamoo, baba."

Nikasema, "Marahaba."

Sikukusudia! Mdomo ulienda wenyewe. Nimeitikia salamu maisha yangu yote, kufa nimeanza leo.

Kikombe kikamtoka, kikavunjika. Nikasubiri kicheko. Prisca hakucheka. Alinitazama (nilimwona kwa jicho la kushoto) kwa uso ambao sijui kama ulikuwa wa huruma au wa hatari. Akachukua blanketi la shangazi, akanifunika taratibu kuanzia miguuni mpaka usoni. Akasema, "Lala, baba." Ndani ya blanketi nilitamani kulia, na nilianza kuogopa.

Hapo mvua ikamwagika, bati likapiga kelele, kazi ikaishia hapo. Diana alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni. Joel alikuwa ameshika ukuta kwa kucheka.

Jumapili, 15 Juni

Mlangoni mwa kanisa Joel akaniinamia mbele ya watu, shikamoo marehemu. Nikaitikia! Kabla sijafikiri! Watu wakaanguka kwa kicheko, hata mzee wa kanisa.

Diana ameagiza Prisca na Joel warudi ukumbini kupiga tena kipande cha mahakama. Mimi sijaitwa. Basi nimekatwa. Marta atakaa mbele na kinamama wake, gauni jipya, na mumewe hatakuwemo hata kama maiti. Nikajaribu kumwambia ukweli. Alikuwa anajipima gauni, anaimba. Nikamwambia limempendeza.

Jumamosi, 19 Julai

Leo filamu imeonyeshwa, ukumbi ulifurika. Nilikuwa na mpango wa kuzima umeme, ila sikuipata swichi. Nikakaa kando ya Marta nikingoja aibu.

Kahawa. Migomba. Mimi kitini! Marta akanishika mkono. Prisca akaingia, akasalimia. Na pale kwenye ukuta mweupe, mbele ya usharika mzima, nikasema marahaba. Hawakukata! Ukumbi ukapiga kelele. Blanketi likapanda mpaka usoni, na Marta akaanza kulia kwa sauti, kaning'ang'ania mkono, anamlilia mume aliyekaa kando yake anakula karanga. Hajawahi kunililia hivyo nikiwa hai. Nilifurahi kupita kiasi.

Halafu mahakamani. Joel, na joho lake, akauliza kwa ukali: ulipoingia, marehemu alikuwa hai? Prisca akamkazia macho. Jicho moja likadondosha chozi.

"Nilimsalimia," akasema. "Akaitikia. Nikamfunika."

Mwisho. Taa zikawaka.

Basi hapo ndipo mahakama ilipoanza. Mama mchungaji akasimama: ameua, kamziba pumzi kwa blanketi! Kinamama wakamjibu kwamba mzee alikuwa amekwisha kufa, mkwe alisikia sauti kwa majonzi. Mtu akasema labda mzee alisinzia tu. Nje wakaendelea kubishana kwenye baridi, hakuna aliyetaka kwenda kulala. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nilikuwepo. Nilikufa saa ngapi?

Sikujua! Nikamkimbilia Prisca, nikamsihi aninong'oneze. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Jamani baba, si wewe ndiye uliyeitikia?"

Diana akatangaza kwamba filamu imepona kwa sababu ya marahaba yangu. Marta akafuta macho akasema kumbe kweli, kesi nzima ilinihusu. Nilitembea kurudi Kaloleni kifua mbele.

Jumatatu, 21 Julai

Kaloleni nzima inanipa shikamoo. Wauza mboga, makondakta, hata wazee kunizidi. Na Joel! Alitoka buchani na kisu mkononi, akasema shikamoo kwa sauti, akasubiri. Anadai alitaka kuhakikisha kama mimi ni mzima. Shikamoo ni shikamoo, nimeipokea.

Sasa mambo yako wazi. Steringi ni mimi.

Diana amekuja na filamu nyingine, ya harusi. Amenipa nafasi ya mgeni wa kiti cha nyuma kabisa, asiyesema chochote. Amenisihi, amenishika mikono yote miwili. Nimemwambia awe na amani, funzo nimelipata.

Bwana harusi atapita karibu na kiti changu. Kijana mwenye adabu sana, nimekwisha kumwambia asinipite bila kunisalimia.