Kioo cha Manjano Kilichonipa Binti wa Pili

Kiponda, Unguja Mjini
Mfungo Tatu

Kwa Sheikh wetu Kadhi, Mungu akuweke na akuzidishie subira, maana barua hii inaihitaji,

Mimi ni Thuwaiba binti Hamad, mama yake Tamima. Katika chuo cha Kurani nilitolewa mapema, kwa hivyo ukiona herufi zimepandana migongoni nisamehe. Nimekuja kwako kushitaki kioo. Ni cha manjano, kidogo kama kiganja, mali ya Miraji mpiga picha wa Malindi. Miraji mwenyewe simshitaki. Mkewe mtu mwema sana, alitupa kahawa.

Wamekuja watu kumposa mwanangu, wanamposea kijana wa Mombasa, jina lake Sleiman. Mama wa kijana, Bi Kulthum, goti linamsumbua, hawezi kupanda meli. Akaniandikia nimpelekee picha ya binti, itaonwa na wanawake tu. Nikakubali. Usikasirike, Sheikh. Mtoto alikalishwa na mke wa Miraji, na Miraji kichwa chake kilikuwa ndani ya kitambaa cheusi muda wote. Nikaona aliyevaa buibui ni yeye.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Juma zima nilimsinga mwanangu, namsugua mwili kwa singo ya manjano mpaka akawa anang'ara, nikamvika nguo mpya ya buluu. Picha ilipotoka, uso mweusi kama chungu kilichotoka mekoni, na nguo nyeupe pepepe. Miraji akasema, "Mama, dawa yangu haijui rangi. Buluu huiona nyeupe, manjano huiona nyeusi." Nikamwambia, Miraji mwanangu, dawa isiyojua rangi si ungewatia machoni watu wa mji huu? Hata hivyo meli ilikuwa inaondoka, nikaipeleka picha. Bi Kulthum akajibu: "Mwali mmemvisha nyeupe kama yuko eda. Kafiwa na mume gani?" Mwanangu hajaolewa hata siku moja!

2. Tukarudi kwa Miraji. Mara hii kaweka kile kioo cha manjano mbele ya jicho la mashine, akasema kinarekebisha rangi, kila kitu kitakaa mahali pake. Kilirekebisha kweli. Nguo ya buluu ikakoza, na mwanangu akatoka mweupe kama yai lililomenywa. Mimi niliyemzaa nilijikuta nataka kumpa shikamoo.

3. Bi Kulthum alipoipata hiyo kaandika tena: "Huyu wa pili ndiye. Yule dada yake mweusi mbaki naye." Sheikh, sina binti wa pili! Nimezaa mmoja, naye ni maji ya kunde, rangi ya marehemu baba yake. Si yule wa kwanza wala si yule wa pili. Akiteremka Mombasa wataulizana yuko wapi wa pichani, na mwanangu atarudishwa melini na sanduku lake, watu wanatazama. Usingizi sina. Na yeye badala ya kunihurumia kanambia, "Mama, na yule mweusi utamwoza nani?" Nikacheka, kisha nikalia.

4. Tangu nakala ya picha ya pili niliyobaki nayo ionekane mtaani, majirani wamebadilika. Bi Tabia wa mlango wa pili, ambaye siku zote hunikalisha mkekani kwenye moshi wa jiko, sasa ananiletea kiti. Ananiuliza ukoo wetu wa Uarabuni ni wa Maskati upande gani. Sisi ni watu wa Tunguu, shamba hapa hapa Unguja.

Basi naomba hukumu. Picha zote mbili ziitwe mbele yako, kila moja iulizwe ni ya nani. Katika hati ya ndoa iandikwe wazi inaolewa ipi. Ikiwa ni ile nyeupe, Serikali impe Bi Kulthum miwani ya kioo cha manjano, na mumewe, na mawifi wote, wasiivue mpaka wajukuu wazaliwe. Na kioo kikibaki, kitiwe madirishani forodhani, na mahakamani kwako, na katika majumba ya wakubwa, ili sote tunaokaa mikekani tuonekane tumekwisha kurekebishwa, tuletewe viti. Viti visipotosha, kioo kivunjwe.

Nisalimie walio nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na karani wako, na yule bawabu aliyenizuia mlangoni jana. Mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi, mama wa binti mmoja tu,
Thuwaiba binti Hamad

Baada ya kutia jina: Picha ya Sleiman imefika asubuhi hii. Mweupe, mashaallah, nuru tupu! Nimeibusu. Tamima kaichukua kaipeleka dirishani, kasema, "Mama, si Bi Kulthum aliandika kuwa joho lake ni la buluu? Mbona hapa limekoza kama lami? Na huyu kapigwa picha kwa kioo cha manjano." Nikamwambia afunge mdomo wake. Hii imepigwa Mombasa, na mashine za huko hazisemi uongo. Jawabu ya kukubali nshaipeleka bandarini.