Homa ya Kiazi Kitamu

Bunia, Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekwisha! Mkuu wa maabara yetu, Madame Adèle, amesema keshokutwa nitafuatana na timu pangoni, upande wa Mahagi, kupima popo kama wana virusi vinavyoweza kutuhamia sisi watu. Nikamkumbusha kwamba mimi ni karani. Akajibu kwamba ndiyo sababu: lazima mtu aandike namba za vichupa vya sampuli. Vahwere, mkamataji wetu wa popo, akaongeza kwamba popo huwakojolea wageni kwanza. Alicheka sana. Chakula kimenishinda.

Jumanne, tarehe 4

Kila asubuhi langoni tunanawa klorini, tunapimwa joto kwa mashine kwenye paji la uso. Nilifika na kiazi kitamu cha moto ndani ya kofia. Mlinzi akapima: 39,4. Akarudi nyuma hatua tatu. Ushindi! Nilidhani nitaambiwa nirudi nyumbani nikapumzike. Nilisahau ninafanya kazi wapi.

Jumanne, mchana

Nimefungiwa chumba cha nyuma. Damu imetolewa. Wakauliza nimegusa nani. Nikamtaja Vahwere, mara mbili, ili naye afungiwe. Kabla ya kupelekwa chumba chake alipita dirishani kwangu, barakoa mbili usoni.

"Sekreteri," akasema, "weye ukikufa, miye nitakuua."

Alhamisi, tarehe 6

Jibu la kwanza: hakuna kitu. Lakini utaratibu unadai damu ya pili kesho. Mama ametuma habari kwamba nyumba imepuliziwa dawa, godoro lake linanuka klorini, na majirani wanamsalimia kwa mbali.

Shida nyingine. Paji langu lina joto. Na hapa hakuna kiazi! Nimejipima kwa mashine ya humu chumbani mara kumi na moja: 36,5. Siamini. Mashine hizi hudanganyika, mimi mwenyewe ni shahidi.

Jumamosi, tarehe 8

Jibu la pili: safi. Nililia. Nikaapa kimoyomoyo kwamba uongo basi. Madame Adèle akanishika mkono, mtu wa kwanza kunigusa bila glavu tangu Jumanne. Akanifariji kwamba sijakosa kitu: bila Vahwere hakuna wa kukamata popo, hivyo safari ilitungoja. Tunaondoka Jumatatu.

Jumapili, tarehe 9

Somo limeniingia: homa ilikuwa kosa. Kesho nitasema ninatapika tangu alfajiri. Langoni hakuna mashine ya kupima kutapika. Na wakiuliza nimegusa nani, safari hii nitasema ukweli mtupu: Madame Adèle.