Rufaa ya Ng'ombe 312

Jumatatu, 5 Machi 2007
Nimefungiwa! Nimefika kwa Bertilla pale Mazwi, mwenye kompyuta nne za intaneti, nikafungua mchezo wangu wa ufugaji. Akaunti imefungwa. Kosa: mtu mmoja mwenye akaunti nyingi. Mimi! Mwenye moja tu, ya miezi minane. Ng'ombe 312, kisima, ukoo mzima wa wachezaji ninaouongoza. Nina siku saba za kukata rufaa, kisha vyote vinafutwa. Bertilla anasema kompyuta zake zote zina anwani moja ya intaneti, hivyo kwa wenye mchezo huko ng'ambo wateja wake wote tunaonekana mtu mmoja. Sikubali. Aliyenichongea ni Wilibrodi, mpinzani wangu mchezoni. Anachezea kwenye kompyuta ya kaka yake kule Kaengesa, ana ng'ombe 190 na roho mbaya.

Jumanne, 6 Machi
Umeme hakuna hadi saa kumi. Rufaa nimeandika kwa mkono, kurasa tatu. Yah: Kuzuiliwa kwa Ng'ombe Wangu. Bertilla kaitafsiri Kiingereza huku akicheka. Jibu limerudi papo hapo: asante, tutakujibu. Nimelisoma mara tisa.

Jumatano, 7 Machi
Wamejibu. Ushahidi hautoshi. Haya, ushahidi si ndio huo upo kwa mtendaji wa mtaa? Nimekaa kwenye benchi la ofisi yake Kizwite tangu asubuhi, mgongo umekufa ganzi. Akauliza kama ng'ombe wamekamatwa kwenye mahindi ya watu. Nikasema wamezuiliwa tu. Akaandika kwamba Shigela Ndalahwa ni mkazi wake, ni mtu mmoja, na ng'ombe 312 ni mali yake halali. Muhuri umekaa vizuri sana.

Ijumaa, 9 Machi
Balaa. Mtendaji kamwambia baba kwamba nina ng'ombe 312. Mzee kaja na koti lake la kanisani, kakaa, kaitikia shikamoo yangu kwa upole ambao sijawahi kuusikia. Yeye ana ng'ombe kumi na wanne tu, na miaka miwili anahangaikia mahari ya kaka Amos. Akauliza nawachungia wapi. Ikabidi nieleze. Kisha akauliza kama wanatoa maziwa. Nikasema hapana. Akasema nyumbani kuna ndama anaharisha, nikipata nafasi nipite, akaondoka. Niliona aibu hadi chakula kikanishinda. Halafu nikamkumbuka Wilibrodi, nikapata nguvu.

Jumamosi, 10 Machi
Barua ya mtendaji tuliyoituma kwa skana imekataliwa, eti muhuri hausomeki. Sawa. Nimeleta mashahidi! Washikaji watano wa ukoo wangu, wote wateja wa Bertilla. Radi ya jana imeua kompyuta tatu, tukapanga foleni kwenye moja iliyobaki. Kila mmoja kaingia kwa akaunti yake kuthibitisha kwamba Shigela ni mtu mmoja. Kuokoa muda, wote wamenakili barua yangu. Wilibrodi akapita, akaangalia, akasema hivi tunajimaliza wenyewe, afadhali awapeleke Kaengesa mmoja mmoja waandike kwa maneno yao. Wivu huo! Nimemfukuza.

Jumatatu, 12 Machi
Hukumu imetoka. Wanatushukuru kwa ushahidi ulio wazi. Tumefungiwa wote sita. Ng'ombe wangu wamefutwa, hata kisima. Miezi minane! Washikaji wananipita barabarani kama hawanijui. Wilibrodi sasa ndiye anayeongoza, na bado kanipa pole. Nimechoka. Nimelala mchana kutwa, kwa ndama sikwenda.

Jumatano, 14 Machi
Baba kaleta habari: ndama kafa. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimekwenda kwa Bertilla kutuliza moyo. Nimeanza upya, kwa ng'ombe mmoja. Lakini safari hii sitegemei mashahidi wa kuombaomba. Nimefungua akaunti sita mwenyewe, kwenye kompyuta ileile, ili nikifungiwa moja, zile tano zinitolee ushahidi.