Damu Mupya ya Kiziba ya Papa Mukuna

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa sita, 1984

Leo nilienda kuomba kumuoa Mado. Nilipiga shati pasi mara mbili, mupaka kola ikaungua kidogo. Nikikaa na shingo upande, haionekani.

Papa yake, Papa Mukuna, njo yule mashinisti wa treni aliye na pensheni, muntu wa Kasai. Hakunipa kiti. Alinivuta moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye kiziba yake, bwawa ya kufuga samaki, akasema angalia ndani, mwana, unaona nini? Nikasema naona samaki. Akasema hapana, unaona aibu yangu. Zamani tilapia yake ilikuwa mukubwa kama sandale. Sasa iko kama ulimi wa mbuzi, na ingine inazaliwa mukia imepindika.

Bitota alikuwa pale, yule agronome, mutaalamu wa samaki, dada wa lunettes, miwani. Akatueleza polepole, kama watoto wa shule. Eti samaki hizi zimefungiwa humu miaka na miaka. Kaka anaoa dada, binamu anaoa binamu, damu imechoka. Ile mukia njo alama. Dawa ni kuleta samaki ya muto, ya wazazi wengine. Kwa mufano ya Lokandu, kule kwa wavuvi.

Papa Mukuna akasema basi: atakayeniletea damu mupya, familia yake njo nitapokea ya kwanza. Alisema "ya kwanza" sababu Paulin, naye anamutaka Mado, alikuwa amesimama pale. Paulin wa Butembo, mwenye duka na Toyota. Viatu vyake vinang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Alicheka kicheko cha muntu aliyekwisha kufika Lokandu na kurudi.

Mado alikuwa anaanika nguo. Alinitolea ulimi. Alama nzuri.

Jumanne, tarehe 5

Lokandu hapana. Nilishuka port asubuhi, wakasema mutumbwi inaondoka kesho. Kesho ya port ya Kindu, hakuna muntu aliwahi kuiona. Tena Lokandu iko na shangazi yangu Adèle. Muntu akifika kwake anapewa jembe kabla ya maji ya kunywa.

Nikafikiri sana. Samaki haina kitambulisho. Nani atajua ilizaliwa wapi? Hapa Kindu viziba viko vingi. Nachukua samaki ya kiziba ya watu wengine, nasema ni ya Lokandu. Damu ingine njo damu ingine. Mado anakuwa wangu na jembe inabaki kwa shangazi.

Niliaga avenue yote kwamba naenda Lokandu. Nilipungia watu mukono kama commissaire wa serikali. Kisha nikakata kona, nikapanda bac, kivuko ya muto, nikavuka ng'ambo kwa Mama Mwavita wa Alunguli. Yeye iko na kiziba. Alinipa watoto wa samaki ndoo moja, na ruhusa ya kujificha jikoni kwake, kwa bei ya mwavuli wangu. Mwavuli ilikuwa ya kaka yangu.

Jumatano, tarehe 6

Ndoo moja ni kidogo. Nilivuka tena, nikaenda Mikelenge kwa mzee Henri, infirmier, muuguzi wa hospitali. Huyu hakuomba kitu. Alifurahi kabisa. Huku kwetu mbegu ya samaki iko kama miti ya muhogo: jirani anakupa, na wewe kesho unampa mwingine. Akajaza ndoo mupaka juu.

Kurudi, nikaona Toyota ya Paulin inakuja. Mimi ningepaswa kuwa Lokandu! Nikajifunika kichwa na kitambaa ya kufunika ndoo, nikaivuta mupaka kwenye macho, nikaweka ndoo juu. Maji ilimwagika, samaki moja ikaingia ndani ya shati, ikacheza mupaka kwenye mukaba. Paulin akapunguza mwendo, akasema pole na kazi, mama. Nikaitika kwa sauti nyembamba.

Alhamisi, tarehe 7

Ajabu. Nimeangalia ndoo ya Mwavita: samaki ingine iko na mukia ya kupindika. Nimeangalia ya Henri: vilevile. Pengine njo mode, mutindo ya mwaka huu.

Nikaazima makasi ya Mama Mwavita. Kila mukia ya kupindika nikaikata, sawasawa, kama nywele za mwanafunzi. Mama Mwavita akauliza mbona unanyoa samaki, mwanangu, wanaenda kwenye komunyo? Nikasema ndiyo.

Jumamosi, tarehe 9

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika kwa Papa Mukuna kisha ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, watu wangali na majembe mukononi. Nililowesha suruali kwanza mupaka magoti, ionekane safari. Papa Mukuna akakaa kwenye kiti chake cha kukunja, akaniuliza juu ya samaki vile watu wa Kasai wanauliza juu ya bwana arusi. Baba yao nani? Upande wa mama ni watu wa wapi? Kuna wazimu katika familia? Nikasema ndoo hii ni ya Lokandu, watu wapole. Hii ingine ni ya Pangi, watu wa kazi.

Bitota akashika moja, akaigeuza. Akauliza ni nani amewanyoa. Nikasema maji ya Lokandu iko na mbio, inakula mukia. Akatia mukono tena ndani ya ndoo, akatoa moja ambayo nilisahau kunyoa. Akaiweka karibu na samaki ya Papa Mukuna. Mapacha.

Papa Mukuna alianza kwa kucheka. Alitusimulia kwamba samaki yake alileta yeye mwenyewe na treni, kutoka Kalemie, ndoo nzima. Kufika Kibombo, jua ikaua karibu zote. Zikabaki mbili tu, dume moja na jike moja. Hao njo walijaza kiziba. Henri alipoponya muguu ya Papa Mukuna, Papa Mukuna alimupa ndoo. Mwavita alipoozesha mutoto wake, Henri akampa ndoo. Wengine wote wakapewa na hao. Kindu muzima, kila kiziba, ni wazao wa wale wawili wa treni!

Kisha akaacha kucheka. Akasema: umekusanya wajukuu wangu, umewanyoa, umewarudisha kwangu kama wageni. Na akaniita citoyen, raia, kama niko ofisini kwa serikali. Papa Mukuna akiniita mwana, mambo iko muzuri. Akiniita citoyen, afazali nitafute mulango.

Faraja moja tu. Saa ile ile Paulin aliingia. Yeye alifika Lokandu ya kweli. Lakini alibeba samaki kwenye Toyota, ndani ya fite, pipa ya chuma, juani, barabara yote. Walifika wameiva. Papa Mukuna alionja moja, akasema inakosa chumvi.

Jumapili, tarehe 10

Mado alinisubiri kwenye mulango ya kanisa. Nikajaribu kumuchekesha na ile ya komunyo. Hakucheka. Alisema papa yake anapenda ile kiziba kuliko pensheni, na mimi nimemufanya mujinga mbele ya watu wa salongo. Alisema: Ngoyi, uende Lokandu na miguu yako, ao basi nitaolewa na Paulin na mchuzi wake.

Nimeshuka port.

Jumanne, tarehe 19, Lokandu

Shangazi Adèle hakunisalimu, alinipa jembe. Muhogo yake nimelima mupaka mikono imekuwa kama mukate wa kuungua. Kisha njo alinipeleka kwa wavuvi. Akakataza nichukue yote kwa muvuvi moja. Chache kwa huyu, chache kwa yule, kwa kila kijito. Nilitii, sababu jembe ilikuwa mukononi mwake.

Ijumaa, tarehe 22

Nimerudi na mutumbwi, nikibadilisha maji ya ndoo njia yote, wasafiri wananitukana. Samaki wazima. Hakuna mukia ya kupindika hata moja.

Bitota alimwaga samaki mwenyewe, akaeleza watu wote walioalikwa. Eti nguvu haiko kwenye samaki ya Lokandu. Nguvu iko kwa sababu baba ni wengi na mama ni wengi. Mukichukua wawili tu muzalishe, hata wazuri namna gani, mikia itapindika tena. Watu wote walitikisa kichwa kukubali. Mimi nilitikisa kuliko wote.

Papa Mukuna aliniita mwana. Mara mbili. Familia yangu inapokelewa Jumapili, siku ya Mungu. Mado amecheka ile ya komunyo, mupaka akakaa chini. Paulin mwenyewe amesema ataazima viti.

Sasa niko peke yangu chumbani. Chini ya kitanda iko beseni. Kabla ya kufika kwa Papa Mukuna nilitoa samaki mbili, nzuri kuliko zote, dume moja na jike moja. Kindu muzima itataka damu ya Lokandu, na nani ataenda kule kulima kwa Adèle? Watanunua kwangu. Hawa wawili watazaa wote wanaohitajika: Alunguli, Mikelenge, mupaka Pangi.

Na mukia ikipindika, makasi ya Mama Mwavita sijarudisha.